Kifungu cha 66 Kinasema na Nani?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina sentensi moja tu inayotamka waziwazi juu ya kipigo ndani ya ndoa. Ipo kwenye kifungu cha 66, karibu na vifungu vya matunzo: kile kinachomtaka mume ampe mkewe chakula, mavazi na malazi, na kile kinachomruhusu mke kukopa kwa jina la mume. Ukiiweka kwa Kiswahili cha kawaida, inakuja hivi: ili kuondoa shaka, inatamkwa kwamba, hata kama ipo mila inayosema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Nukta. Hakuna kifungu kidogo kinachofuata, hakuna “atakayekiuka”, hakuna faini wala kifungo. Sheria hiyo ina sehemu yake maalumu ya makosa na adhabu, mbali huko mbele, na kipigo hakikuwekwa humo.

Nianze kwa kuipa haki yake. Kwa wakati wake ilikuwa sentensi shupavu. Uganda ilipata sheria yake ya ukatili wa nyumbani mwaka 2010, Kenya mwaka 2015. Tanzania ilikuwa imekwisha kumnyima mume haki ya kumpiga mkewe miongo minne nyuma, katika sheria iliyotanguliwa na Waraka wa Serikali Namba 1 wa mwaka 1969 ambao wananchi waliupata na kuujadili. Hata hivyo, ukiisoma polepole, neno kwa neno, unaanza kujiuliza inamsemesha nani. Swali hilo ndilo ninalotaka kulifuata hapa, kwa kumweka mbele yetu msomaji mmoja wa kufikirika: mwanamke wa Kisesa, wilayani Magu, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Tuseme ana watoto wawili, anauza dagaa sokoni, na jana usiku amepigwa.

Sentensi inaanza na shaka. Wanasheria hutumia mwanzo huo wanapotaka kuonyesha kwamba hawaleti jambo jipya, wanaweka wazi tu lililokuwapo. Kwa hiyo tangu neno la kwanza, anayesemeshwa ni mwenye shaka: hakimu asiye na uhakika, mzee wa ukoo anayesema hivi ndivyo tulivyowakuta wazee wetu, mbunge aliyekuwa anapinga. Aliyepigwa hana shaka yoyote juu ya yaliyompata, na aliyepiga naye hana. Wote wawili wamebaki nje ya mazungumzo. Na shaka yenyewe haikuondoka. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 uliuliza kama mume anastahili kumpiga mke akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, asipowatunza watoto au akimnyima unyumba. Wanawake 58 katika kila 100 walikubali angalau sababu moja. Wanaume walikuwa 40. Miaka 44 baada ya Bunge kuondoa shaka, zaidi ya nusu ya wanawake walikuwa bado nayo.

Halafu kuna nomino iliyochaguliwa: adhabu. Mtu huadhibiwa kwa kosa, na anayeadhibu ni mwenye mamlaka. Kwa kukiita kipigo adhabu, sheria imeingia nyumbani ikakaa kwenye kiti cha mume na kuitazama hali kutoka pale, kisha ikamwambia mume kwamba mamlaka hayo hana. Haikusema kwamba alichofanya ni shambulio. Kanuni ya Adhabu inasema hivyo kwenye vifungu vya 240 na 241, shambulio la kawaida na shambulio la kudhuru mwili, lakini kule mhusika ni “mtu yeyote”, na picha inayomjia askari haraka ni ya watu wawili waliokunjana baa, wala si ya mume na mke sebuleni. Hivyo mwanamke wetu ana vitabu viwili mkononi. Kimoja kinamjua kama mke lakini hakijui kama alichofanyiwa ni jinai. Kingine kinaijua jinai lakini hakijui kama yeye ni mke, kwamba jioni atarudi kulala kwenye chumba kilekile na mtu yuleyule.

Kuna pia hilo la “mtu” na “mwenzi wake”. Ni usawa wa kisarufi, na Kiswahili kinauvaa vizuri kwa kuwa ngeli yetu ya watu haitofautishi mwanamume na mwanamke. Katika sura ya urithi au ya mali ya ndoa ningeupigia makofi. Hapa unafuta jambo ambalo kila mtu pale sokoni anajua: nani hupiga na nani hupigwa.

Ninayesema haya si mtu wa kudharau maandishi makavu. Kuna karatasi nyingine, kavu zaidi, inayofanya kazi ambayo kifungu cha 66 kimeshindwa kuifanya: dodoso la mtafiti. Kisesa inalijua dodoso kuliko sehemu nyingi za nchi. Tangu mwaka 1994 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imekuwa ikiwafuatilia wakazi wake nyumba kwa nyumba, hasa kwa ajili ya Ukimwi, na watu wamezoea kukaa kwenye kigoda wakijibu maswali ya mtu mwenye karatasi. Watafiti wa ukatili, nao, wana dodoso lao lililotungwa na Shirika la Afya Duniani, lililotumika Dar es Salaam na Mbeya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadaye likatumika Mwanza mjini miongoni mwa wanawake wa vikundi vya mikopo. Limejengwa kwa hila moja ya umbo ambayo mtunga sheria angefaa kuiiga. Halimuulizi mwanamke kama amefanyiwa ukatili. Linamuuliza: amewahi kukuzaba kofi, au kukurushia kitu kinachoweza kukuumiza? Amewahi kukusukuma? Kukupiga ngumi? Kukupiga teke, kukuburuta? Kukukaba, kukuunguza makusudi? Kukutishia kwa silaha?

Tazama sarufi yake. Kila swali lina mtenda, yeye, na mtendwa, wewe. Kila swali lina kitenzi kimoja kinachoonekana kwa macho. Hakuna nomino ya kujificha nyuma yake. Mwanamke ambaye angesema “hapana, mimi sijafanyiwa ukatili, ni ugomvi wa kawaida tu wa nyumbani” anafika kwenye teke na kusema ndiyo. Ndivyo zilivyopatikana takwimu zile: 41 katika kila 100 Dar es Salaam na 56 Mbeya, kwa wanawake waliowahi kuwa na mwenza, na katika vikundi vya Mwanza karibu 61 waliokuwa wamewahi kupigwa au kulazimishwa tendo la ndoa na mwenza. Siamini kwamba Mwanza ni wakatili kuliko Dar. Wanawake waliohojiwa hawakuwa wa aina moja wala wa miaka ileile, kwa hiyo namba hizo hazishindanishwi. Ninachoona ni kwamba sentensi yenye mtenda hupata jibu.

Sasa turudi kwenye sheria, kwa mwanamke wetu aliyeamua kwamba imetosha na anataka talaka. Kifungu cha 101 kinamsubiri. Hawezi kufungua shauri la talaka kabla ya kulipeleka tatizo lake kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, chombo cha kata chenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano, na baraza hilo likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Lakini sheria inakubali kwamba yapo mazingira ambayo kupelekana barazani hakuna maana, na imeyaorodhesha. Ninaiona orodha hiyo kuwa ukurasa wenye siri kubwa kuliko yote katika sheria nzima. Huna haja ya baraza ikiwa mwenzako amekutelekeza na hujui aliko. Au anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi karibuni. Au ameitwa barazani akagoma kuja. Au amefungwa maisha au kwa miaka isiyopungua mitano, au yuko kizuizini. Au ana ugonjwa wa akili usiotibika. Mwishoni kuna tundu dogo: au mahakama imeridhika kuwa kuna mazingira yasiyo ya kawaida.

Mume hayupo. Mume yuko mbali. Mume hakuja. Mume yuko gerezani. Mume yupo kwa mwili tu. Orodha yote imeshonwa kwa uzi mmoja: mtunga sheria ameweza kuwazia jinsi suluhu inavyoshindikana mume asipokuwepo, ila hakuweza kuwazia jinsi inavyoshindikana kwa sababu yupo. Kipigo hakimo. Anayepigwa kila Jumamosi na mume mwenye afya njema, anayelala nyumbani na kuitika akiitwa na mtendaji, hana jina katika orodha ile. Akiwa na bahati ataingizwa kwenye lile tundu la mwisho, lakini tundu hilo linadai jambo lisilo la kawaida, na takwimu tulizoziona zinasema jambo lake ni la kawaida kabisa.

Kwa hiyo anakwenda. Wanakaa benchi moja, yeye na aliyempiga, mbele ya watu wanaomfahamu mume tangu utotoni. Wazee wa baraza, na ninawaheshimu wengi wao, hufanya walichoombwa: kusuluhisha. Na umbo la usuluhishi linadai pande mbili. Ukiwa na pande mbili lazima kila upande uwe na lake, basi atatafutwa la mke: alijibu vibaya, alichelewa sokoni, hakusema pesa ya vikoba imekwenda wapi. Kama mahari ilikuwa ya ng'ombe, kama ilivyo desturi ya Usukumani, swali la nani atawarudisha litaingia hata kabla uvimbe haujashuka, ingawa sheria hiyohiyo, kifungu cha 41, inasema ndoa haiharibiki kwa sababu ya dosari za mahari. Wakishindwa, baraza linatoa hati. Isome hati hiyo kama kazi ya fasihi fupi. Kiima chake ni baraza, kitenzi chake ni kushindwa. Kofi, teke na kuburutwa vyote vimeyeyuka ndani ya kushindwa kwa kamati. Wajumbe wanaweza kuambatanisha maoni yao, lakini kinachobebwa mahakamani ni kile kimoja: tumeshindwa. Hati hiyo nayo isizidi miezi sita tangu itolewe, na ikiwa na kasoro shauri zima linaweza kuanguka. Mahakama ya Rufani imekwisha kubatilisha talaka kwa sababu hiyo, na wahusika wakatakiwa kuanza upya.

Kwa watoto hali ya sentensi ni tofauti, na si tofauti nzuri peke yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Ingesimama hapo. Lakini inaendelea kusema kwamba hakuna kumrudi mtoto kunakohalalika ikiwa hakuna kiasi, kwa aina au kwa ukubwa, ukizingatia umri na hali yake. Hesabu vikanushi. Viwili vikikutana vinazaa ruhusa: kumrudi kwa kiasi kunahalalika. Na kiasi kinapimwa na mwenye fimbo. Ule utafiti wa taifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipigwa kabla ya kutimiza miaka 18, na nina hakika karibu kila aliyewapiga aliamini alikuwa na kiasi.

Weka kando ya kifungu hicho kanuni za viboko shuleni za mwaka 2002. Hizo ni kazi ya mwandishi anayejua anachotaka. Viboko visizidi vinne. Mwalimu mkuu ndiye mwenye mamlaka, au anayempa idhini kwa maandishi. Jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa viandikwe kwenye daftari. Mtenda yupo, mtendwa yupo, idadi ipo, hata kitabu cha kumbukumbu kipo. Inakera kidogo kugundua kwamba tunapoandika ruhusa ya kuchapa tunajua kuandika kwa usahihi wote huo.

Bado kuna jambo ambalo Sheria ya Mtoto imeliweza kuliko ile ya 1971. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Hapo mwishowe kuna mtu aliyesemeshwa: jirani. Shirika la Kivulini, lililoanzishwa Mwanza mwaka 1999, lilijenga kazi yake yote juu ya wazo hilohilo, kwamba anayeweza kufika mlangoni kabla ya askari ni yule wa nyumba ya pili. Jirani wa Kisesa akisikia mtoto analia usiku anawajibika kisheria. Akisikia mama yake analia, hakuna sentensi inayomgusa.

Na binti? Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inasema kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, awe ameridhia au la. Kisha, mkiani mwa sentensi, mtu keshapumua, inakuja “isipokuwa”: isipokuwa ni mkewe mwenye miaka 15 au zaidi na hawajatengana. Umri huo ulitoka kwenye kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa, ambacho mwanaharakati Rebeca Gyumi alikipinga Mahakama Kuu pamoja na kile cha 17, akashinda Julai 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye Oktoba 2019 baada ya Serikali kukata rufaa. Bunge lilipewa mwaka mmoja kurekebisha, na mwaka huo ukapita. Wakati huohuo Sheria ya Elimu ilikuwa imerekebishwa mwaka 2016 kwa lugha isiyo na “isipokuwa” hata moja: anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, miaka 30. Sentensi nzuri, lakini kiini chake ni sare ya shule. Akiacha masomo kwa kukosa daftari na nauli, kinga hiyo inabaki darasani.

Sitaki ionekane kwamba lugha ya kumkabili mtu uso kwa uso ni kitu cha kuagiza kutoka nje. Bujora iko palepale Kisesa, na makumbusho yake ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, na kila Juni kwenye sherehe za Bulabo wachezaji wa makundi ya Bagika na Bagalu wanashindana kwa ngoma. Manju pale haimbi kwamba kuna watu ambao hawana haki ya kujivuna. Anamgeukia mpinzani wake na kumpa lake mbele ya umati, na umati unajua limempata nani. Sanaa ya maneno ya hapo inaelewa jambo ambalo kifungu cha 66 hakikulielewa: neno lisiloelekezwa kwa mtu halimfiki mtu.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ilijengwa kwa namna hiyo. Kwanza inaorodhesha vitendo, mpaka kumnyima mtu fedha na mpaka wakwe kuingilia ndoa, jambo ambalo bila shaka liliandikwa na mtu aliyewahi kuishi na wakwe. Kisha inampa hakimu mamlaka ya kutoa amri ya ulinzi, hata ya muda, hata kabla mlalamikiwa hajasikilizwa. Amri ni aina ya maandishi tofauti kabisa na kifungu. Ina jina la mtu mmoja, ina vitenzi vya kukatazwa, ina mahali asipokanyaga. Uganda nayo imeiweka katika sheria yake ya 2010.

Je, sisi hatuna? Hapa ndipo nilipolazimika kuisoma tena Sheria ya Ndoa hadi karibu na mwisho wake, kwenye kifungu cha 139. Kipo pale, kimetulia, wachache wanakitaja. Kinaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu yeyote aache kumlazimisha mwenzi wake, au aliyekuwa mwenzi wake, kukaa naye, na aache kumsumbua kwa namna nyingine. Yaani amri ya ulinzi, mwaka 1971. Kasoro ni mahali ilipopachikwa. Inapatikana wakati shauri la ndoa likiendelea, au baada ya ndoa kubatilishwa, kutengana au talaka. Na shauri la talaka liko nyuma ya kifungu cha 101, nyuma ya baraza, nyuma ya benchi moja na aliyekupiga. Kinachohitajika usiku wa kwanza kimewekwa ng'ambo ya safari ya miezi.

Ila kuna mlango wa pembeni, na haujafichwa kwa hila ya mtu, umesahaulika tu. Kifungu cha 101 kinadai hati ya baraza kwa anayeomba talaka. Ombi la kutengana hakilitaji. Ombi hilo nalo ni shauri la ndoa, na shauri likishasajiliwa kifungu cha 139 kimefunguka. Mahakama yenyewe haihitaji kuwa ya mbali: kifungu cha 76 kinaipa Mahakama ya Mwanzo mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa sawa na Mahakama Kuu. Na Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikiendesha kazi yake kwa Kiswahili miaka yote, tangu enzi ambazo mahakama za juu zilikuwa zinaandika hukumu kwa Kiingereza. Hakimu wa pale akiombwa anaweza kuandika, kwa lugha ambayo mume ataisoma bila mkalimani: wewe fulani, usifike nyumbani kwa mama yake wala kwenye meza yake ya dagaa sokoni, usimpigie simu, usimtume mtu kwake, mpaka shauri hili litakapokwisha. Lakini sheria haimruhusu hakimu kuanza, lazima aombwe. Na anayetakiwa kuomba ni yule mwanamke ambaye dawati la jinsia na watoto la polisi, mtendaji wa kata na shemeji zake wote wamekwisha kumwambia aanzie barazani.